Kabla Dalali Hajapiga Picha

Mdogo wangu wa Tabata, barua yako nimeielewa, na ugomvi uliomo ndani yake nimeuona ingawa umejitahidi kuufunika. Mko watatu. Nyumba ni ya marehemu wazazi wenu, mmekubaliana iuzwe kila mtu apate chake, na mmechanga milioni mbili za kuitengeneza nje kabla wateja hawajaanza kuja. Kaka mkubwa anataka hela yote iende kwenye geti jipya na pevingi za kutoka getini hadi barazani. Kitinda mimba anataka rangi ya kijivu na nyeusi, zile anazoziona kwenye simu. Wewe ndiye msimamizi wa mirathi, wewe ndiye unayeulizwa, na mambo yakienda kombo wewe ndiye utakayelaumiwa.

Haya, kaa nikuambie. Mtu anayekuja kununua nyumba Dar es Salaam haji kutafuta uzuri. Uzuri atautengeneza mwenyewe akishahamia. Atabadili rangi, atang'oa vigae, mkewe atachagua geti lingine. Amekuja na pesa aliyoidunduliza miaka, pengine na mkopo juu yake, na ameshasikia hadithi za kutosha za watu waliolizwa. Anatafuta sababu ya kukimbia. Akiikosa, anatafuta sababu ya kukata bei. Kazi ya hiyo milioni mbili ni kumwondolea sababu hizo moja baada ya nyingine, ukianza na zile zinazomtisha zaidi. Geti jipya linalong'aa kwenye ukuta uliomomonyoka halimwondolei hofu yoyote, linamwongezea. Anajiuliza hawa wanaficha nini.

Tuanze na huo ukuta wa barabarani. Umesema bado una yale maandishi mekundu ya baba, NYUMBA HII HAIUZWI. Nani Dar asiyeyajua? Baba yenu hakuwa na wasiwasi wa bure. Mjini hapa nyumba huuzwa na mpangaji, na binamu, na tapeli mwenye karatasi za kughushi, huku mwenyewe yuko safarini. Sasa mteja wako akiyakuta hayo maneno hatasema mzee alikuwa mwangalifu. Atasema kuna mtu kwenye familia hii hajakubali. Na ukiwahi kupaka rangi ya maji juu yake, ile nyekundu ya mafuta itachungulia tena, na maandishi yanayosomeka chini ya rangi mpya yanatia shaka kuliko yaliyo wazi. Yakwanguliwe, yapigwe msasa, yapakwe praima, ndipo rangi ifuate.

Ila usiyaguse kwanza. Yaache mpaka warithi wote mmesaini muhtasari wa kikao cha familia na hati imetoka kwenye jina la marehemu kuja kwako kama msimamizi. Hadi siku hiyo maandishi hayo yanawalinda. Na wale mnaonisoma mkiwa ndani ya ndoa, nyumba ya familia haiuzwi kwa saini ya mmoja. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza. Nimewahi kuona nyumba imepakwa rangi vizuri, mteja yupo na pesa yake, halafu mke anatokea mlangoni na kusema yeye ndiyo kwanza anasikia. Hapo hakuna rangi inayosaidia.

Ukiwa hapohapo ukutani, soma na mengine yaliyoandikwa. Namba za simu za mganga. Tunanyonya vyoo saa 24. Bango la uchaguzi uliopita. Na lile la USIKOJOE HAPA, ambalo kila familia huliandika kwa hasira na kusahau kwamba linamtangazia mgeni kinachofanyika hapo usiku. Futa yote. Kama pembe hiyo kweli inakojolewa, weka taa. Taa moja ya nje inafukuza watu kuliko faini ya elfu hamsini ambayo hakuna aliyewahi kuilipa.

Alama ya X, ile ya nyumba za kubomolewa, ni habari nyingine kabisa. Wewe hukuitaja, lakini wapo wasomaji wangu wenye nyumba kando ya barabara kuu. Watu hawajasahau bomoabomoa ya 2017 kwenye Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara. Sheria ya Barabara ya 2007 nayo ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara, na nyumba nyingi zilijikuta ndani bila kusogea hata hatua moja. Kama ukuta wako una X, usiipake rangi. Nenda kaulize ofisi husika ya barabara, pata jibu kwa maandishi, na mteja aambiwe kabla hajatoa hata shilingi. Kuificha X ni utapeli, na mimi siwezi kukushauri namna ya kutapeli watu.

Tukiingia ndani ya uwanja tunakutana na maji, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndipo hela yako nyingi inapotakiwa kwenda. Tangu mafuriko ya Desemba 2011, watu wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, mnunuzi wa jiji hili amekuwa mtaalamu wa maji. Na nyie wa Tabata mna bonde la Msimbazi jirani, kwa hiyo swali la kwanza la mteja mjanja mnalijua: mvua ikinyesha hapa inakuwaje? Hatakuuliza wewe peke yako. Atamuuliza muuza genge wa pale kona. Atainama atazame ukuta chini, atafute mstari wa maji ya zamani. Wengine hawaji kabisa mpaka masika ifike, wanakuja Aprili na viatu vya mvua.

Basi mtangulie. Chukua ndoo ya maji, mwaga karibu na msingi, simama uangalie yanakwenda wapi. Yakikimbia kuelekea mtaroni, shukuru. Yakisimama, au yakirudi ukutani, umeshapata kazi ya kwanza. Nyumba nyingi za zamani hapa mjini zilijengwa zikiwa juu, kisha mtaa ukanyanyuliwa kwa kifusi, barabara ikawekwa lami, mwenye nyumba naye akamwaga mchanga uwanjani kila baada ya mvua kubwa, mpaka udongo ukaupita msingi na kuegemea ukuta. Ile nailoni ya kuzuia unyevu ambayo fundi aliilaza juu ya msingi inakuwa imefukiwa, na unyevu unaiparamia njia mpya. Ndiyo maana ukuta wa chini unamenyeka rangi na kutoa unga mweupe wa chumvi. Tafuta vijana wawili wenye majembe na toroli, waondoe udongo kuzunguka nyumba mpaka uwe chini ya ile nailoni kwa sentimita 15 hivi, na wauinamishe uelekee mbali na ukuta. Kazi hii haina sifa. Hakuna atakayeipiga picha. Lakini bila hiyo rangi yote utakayopaka utakuwa umezipakia mvua za vuli.

Kisha panda juu, au mpandishe fundi, na awe mbali na waya wa umeme unaoingilia darini. Mwembe wa mama yenu umejaza majani kwenye gata, nina hakika bila kuambiwa. Yatolewe. Viungo vinavyovuja vizibwe. Bomba linaloshusha maji lisiishie mguuni pa ukuta. Liongezwe kipande lifike mtaroni au kwenye tangi. Misumari ya bati iliyopoteza mipira yake ibadilishwe. Fisha bodi iliyoliwa na mchwa itolewe kabisa. Usiipake rangi, maana mteja akiigonga kwa kidole kikazama, umekwisha. Mabati yenye kutu kidogo yanaweza kupigwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya bati. Yaliyotoboka yabadilishwe hayohayo tu, si paa zima. Kuweka bati za msauzi nyumba nzima ili uuze ni kumnunulia mwenzio paa.

Sasa na choo, samahani kwa wanaosoma wakila. Piga simu gari la kunyonya lije wiki moja kabla ya wateja, si asubuhi yenyewe. Mfuniko wa chemba uliovunjika na kufunikwa kwa kipande cha bati na tofali juu yake ubadilishwe kwa mfuniko wa zege. Ni hela kidogo, na mtu mwenye watoto wadogo akiona lile bati hawezi kuliondoa akilini hata umwonyeshe sebule ya dhahabu.

Mipaka. Kama kiwanja kimepimwa, kina bikoni, na bikoni zinakaa kwenye pembe ambazo hakuna anayefyeka. Fyeka. Mteja aliyetapeliwa zamani, au aliyesimuliwa, atataka kuzigusa zote kwa mkono na kulinganisha namba na ramani. Ukikuta moja haipo usichimbechimbe kuitafuta na wala usipande jiwe lako; mwite mpima ardhi mwenye leseni airudishe. Na kama banda la kuku la jirani limeingia kwenu mita moja, malizaneni sasa, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mkiwa bado mna uhusiano mzuri. Kibao cha namba ya nyumba kilichowekwa 2022 kwenye zoezi la anwani za makazi, kama kimefunikwa na mmea au kimepakwa rangi, kisafishe kisomeke.

Nafika kwenye rangi, ambayo nyote mlianzia.

Ukuta ukauke kwanza. Narudia kwa ajili ya kitinda mimba: ukauke. Ile chumvi nyeupe ifagiliwe kwa brashi kavu, usiioshe, kwa sababu maji huiyeyusha ikarudi ndani na kutoka tena wiki ijayo. Fangasi weusi wa upande usiopigwa na jua ndio wanaooshwa: kopo moja la jiki kwa makopo manne ya maji, acha robo saa, sugua, suuza. Usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya kusafishia choo, mvuke wake ni sumu. Nyufa nyembamba za lipu zichokonolewe, zisafishwe, zizibwe. Ila ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata matofali, au unaotoka kona ya dirisha na kuzidi kuwa mpana kila ukiutazama, huo usiuzibe kwa mbwembwe. Mwite fundi mwashi mzoefu, au mhandisi ukimudu, akuambie msingi unafanya nini. Mteja wako atakuja na fundi wake, na fundi wa mteja kazi yake ni kuona ulichoziba jana. Afadhali uwe na jibu.

Fundi wa rangi akikuambia atapiga skimu ya jipsamu kwenye ukuta wa nje ili uteleze, mwambie hapana asante. Jipsamu ni ya ndani. Mvua ikiinyeshea inavimba na kubanduka. Lipu ya saruji inatosha, na pale alipoziba kwa lipu mpya kubwa apaache hadi wiki nne kabla ya kupaka. Nunua rangi ya nje ya kweli, inayostahimili jua na mvua, ndoo ifunguliwe mbele yako. Kwenye ukuta laini lita moja hupaka kama mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, na unahitaji mikono miwili. Ukuta wenye chembechembe unakunywa zaidi. Pima kuta zako, fanya hesabu, ndipo umsikilize fundi anayetaka ndoo tano.

Rangi gani? Krimu. Au nyeupe iliyozimwa kidogo. Najua kitinda mimba amenuna. Kijivu na nyeusi ni nzuri kwenye nyumba mpya yenye kona kali na madirisha marefu, lakini nyumba ya miaka ya themanini yenye baraza na nondo za maua dirishani haiwi ya kisasa kwa rangi, inakuwa mzee aliyevaa suruali ya mjukuu. Krimu haimfurahishi mtu sana na haimuudhi mtu yeyote, na kwa nyumba inayouzwa hiyo ndiyo sifa inayotakiwa. Chini, nusu mita ya kwanza kutoka ardhini, paka kahawia iliyokolea au kijivu kizito, kwa sababu tope la mvua hurukia hapo na krimu haiwezi kulificha. Kama upande mmoja wa nyumba ulipakwa tangazo la kampuni ya simu au soda, andaa praima na mikono mitatu. Rangi zile zilichaguliwa zionekane kutoka ng'ambo ya barabara na hazikubali kufunikwa kirahisi.

Na kama hela haitoshi nyumba nzima, paka mbele yote na ukuta wa barabarani, pembeni na nyuma uoshe tu. Hakuna anayekasirika kuona upande wa nyuma ni wa zamani, mradi ni msafi na ni mkavu.

Geti la zamani ni la chuma, umesema, linapiga kelele na limepauka. Kaka, kama unasoma: kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa, lipakwe rangi ya kuzuia kutu ile nyekundu ya matofali, kisha rangi ya mafuta. Nyeusi, hapo sina ubishi. Bawaba ziwekwe grisi. Komeo la geti dogo lifunguke kwa mkono mmoja. Mteja akisukuma geti likafunguka bila kelele, ameshaingia nyumba inayotunzwa, na hajui hata kwa nini amefikiri hivyo. Hela iliyobaki ya geti jipya ndiyo imelipia udongo, gata na mfuniko wa chemba. Pevingi zisahau, mwaga kokoto nyembamba kwenye njia ya gari, zifagiliwe, basi.

Bustani sina mengi. Usihangaike kupanda ukoka mpya unaohitaji maji kila siku wakati nyumba haina mtu wa kuumwagilia. Fyeka, fagia, choma takataka zisionekane, au bora zizolewe. Yale maua ya mama yaliyopandwa kwenye makopo ya rangi yenye kutu, hamishia machache kwenye vyungu viwili vitatu uviweke barazani. Mengine wagawie majirani, watafurahi. Bogenvilia ikatwe isiwakwaruze wageni. Mwembe msiukate. Kivuli Dar ni mali, na mteja akifika saa nane mchana atakwenda kusimama chini yake mwenyewe bila kuelekezwa, na mazungumzo ya bei yatafanyikia hapo. Punguzeni tu matawi yanayolalia bati, na mtazame kama mizizi haijainua ukuta wala kuelekea shimo la choo.

Kuna sehemu ya nje ambayo haipakwi rangi. Yule mama wa chapati aliyeweka meza kwenye ukuta wenu tangu baba yenu yuko hai, na vijana wa bodaboda wa pale kona. Mteja atasimama kwao kabla ya kufika kwenu, au atarudi kwao jioni ukiwa haupo. Nenda kawaambie mnauza, uwaambie wewe, wasisikie kwa dalali. Mama wa chapati mwelezeni mapema kwamba mmiliki mpya anaweza kutaka nafasi yake, mpeni muda ajipange, na msimfukuze siku moja kabla ya wateja kuja. Si huruma tu. Mtu aliyefukuzwa kwa aibu anajua mwaka gani maji yaliingia ndani na anajua nani kwenye familia hasemezani na nani.

Hayo yote yakikamilika, ndipo dalali apige picha, na wewe uwe pale. Asubuhi kabla ya saa nne au jioni kuanzia saa kumi, jua la mchana linafanya kila ukuta uonekane umechoka. Kamba ya nguo itolewe. Gari bovu la mjomba lililokaa juu ya matofali tangu mkiwa shule livutwe, na mjomba aambiwe tarehe, si ombi. Hati isionekane kwenye picha yoyote, hata pembe yake, na nakala asipewe dalali ili azunguke nayo. Mteja wa kweli atapewa namba ya hati aende kuhakiki mwenyewe ofisi ya ardhi. Bei na kamisheni mkubaliane kwa maandishi kabla picha hazijaruka kwenye makundi ya simu, kwa sababu zikisharuka utazikuta kwa madalali wengine watano, kila mmoja na bei yake.

Siku ya mteja kuja, mtu mmoja tu ndiye azungumze, nawe ndiye msimamizi. Ukiulizwa kuhusu maji, sema kweli: hapa yalikuwa yanasimama, tumefanya hivi, njoo uone mtaro. Kaka yenu asimame karibu na geti lake. Kitinda mimba ashike funguo. Na shangazi yenu anayekaa chumba cha uani, ambaye umeniambia kila mgeni humsimulia jinsi mzee alivyougua, siku hiyo mpeni nauli aende kuwasalimia ndugu zake Ubungo.